Bi Jokha Amour na Chumba cha Yusra

Miaka thelathini na minne Bi Jokha Amour kasomesha skuli yetu, na tarehe 30 Juni anastaafu. Mie Machano, mgonga kengele, nimemtangulia hapa kwa mwaka mmoja, kwa hiyo hakuna alilofanya nisiloliona. Maneno yangu, kalamu kashika Mwalimu Khairat.

Alikuja mwembamba kama ufito, anakwenda mbio utadhani kaacha chungu motoni. Mwendo ule hajauacha. Katika aliowasomesha leo wamo madaktari, na mmoja meneja wa hoteli Kendwa. Nusu ya sifa hizo zangu, niliyewafungulia geti, lakini leo nnamwachia zote.

Basi akaja Yusra, darasa la tano. Hesabu anazipiga kichwani, lakini kengele ikilia anaziba masikio, anaingia chini ya meza. Na haamkii wakubwa! Mwalimu Hafiz, mkuu wetu, akamuuliza kwa nini. Mtoto akajibu: "Nshakuamkia Jumatatu, na ukasema marahaba."

Kamati ya skuli ikakaa, ikasema hana adabu, arejeshwe kwao. Na mtihani wa darasa la sita huo unakuja mwakani.

Bi Jokha akaomba mwezi mmoja. Akenda hospitali na Yusra na mama yake, daktari akaandika kuwa mtoto ana Asperger, ni aina ya usonji. Akarudi kwenye kamati: "Huyu neno analishika kama alivyoambiwa. Nani kati yenu kamwambia salamu ni ya kila siku?" Basi akamwambia mtoto yeye mwenyewe. Yusra akasema, "Ningejua ningeamkia." Tangu hapo hamkosi mtu.

Ikabaki ruhusa ya kufanyia mtihani chumba cha peke yake, kimya, na muda wa ziada. Ofisi ya elimu ikamwambia njoo kesho, mara nne. Mara ya tano kenda na mkeka na madaftari, akakaa ukumbini anasahihisha.

"Bi Jokha, nenda nyumbani basi," karani akamwambia.

"Nyumbani umeme umekatika, mwanangu. Hapa pana feni."

Siku ya tatu barua ikatoka, na muhuri wake.

Na mie hakunisaza. Kengele yangu inasikika mpaka Bububu, na anayebisha akaulize. Akanambia: "Mzee Machano, umetamba miaka mingi, pumzisha mkono." Siku hizi nnapeperusha kitambaa cha kijani badala ya kengele, na kwa kupeperusha hakuna anishindaye.

Matokeo yakatoka: Yusra kafaulu, kachaguliwa kwenda sekondari! Mama yake kalia, Mwalimu Hafiz kalia. Mie silii, nilikuwa nakata vitunguu getini.

Chumba kile hakikufungwa. Mwaka huu wamo watoto watatu kama yeye, na wazee wao wamewaleta wenyewe, mchana kweupe, hawamfichi mtu.

Ahsante, Bi Jokha. Nenda kwako Mpendae, Mungu akupe afya na umri wa kheri, na kila anayeingia chumba kile akuombee dua kabla hajashika kalamu.