Lakiri kwenye Tangi la Lori

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa kunisimamisha hapa nikiwa bado na jina langu. Lakini nawaambia mapema: nimesamehe nusu. Nusu nyingine bado inachemka.

Mnakumbuka Uhuru ulipokuwa mchanga. Nilikuwa dereva wa lori la ushirika wa wakulima, nikibeba mahindi kutoka Likuyani hadi hapa Kakamega. Kamati ikaamua kwamba madereva ni wezi wa petroli. Si dereva fulani, sote! Wakaleta lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia bahasha za serikali. Kila asubuhi, tangi likishajazwa, waliimwaga juu ya kifuniko na kupiga muhuri.

Lori likaanza kuzima njiani. Nikingoja kando ya barabara juani, injini inawaka, nikienda kidogo linazima tena. Nilifika soko limefungwa. Kamati ikaniita.

"Kwani hiyo petroli unamuuzianga nani?" mzee mmoja akauliza.

"Mzee, muhuri si huu hapa, mzima?"

"Basi umetoboa paipu huko chini. Ama uko na dawa."

Dawa! Mimi niliyebatizwa! Wakaninyang'anya ufunguo. Jumapili iliyofuata, humu humu kanisani, watu wakahama benchi nililokalia. Msiangalie chini, mnajijua.

Mke wangu hakuhama. Siku moja alitoboa debe la mafuta ya taa, yakadondoka kwa shida. Akatoboa tundu la pili, kama mnavyofanyanga nyote, yakamwagika vizuri. Nikaruka! Kifuniko cha tangi kina kitundu cha hewa, na lakiri ilikiziba. Injini inavuta petroli, hewa haiingii, mwisho petroli inakataa kuja. Lori likikaa juani, petroli inapata moto, mvuke unaisukuma kidogo, injini inawaka kwa muda.

Nikamwendea fundi mmoja wa Mumias, tukarudi naye. Tulikuta dereva mpya naye amezimikiwa, kamati nzima imezunguka lori. Fundi akakwangua lakiri kwa kisu. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kila mtu akasikia. Lori likaenda Likuyani na kurudi bila kuzima.

Mnajua mwenyekiti alisema nini? "Haya, lori limepona." Lori! Ufunguo nilirushiwa, sikupewa.

Namshukuru mke wangu. Namshukuru yule fundi, Mwislamu aliyenisimamia wakati Wakristo wenzangu walinikimbia. Nanyi wenye kamati, kabla ya kumwita mtu mwizi, angalieni kwanza mlichoziba kwa mikono yenu. Na mkigundua mlikosea, mtafuteni mtu mwenyewe mumwambie. Mimi bado nangoja.