Kura Niliyoipiga kwa Muhuri Wangu

Sogezeni viti vyenu, wanangu, kila mmoja upande wake wa kitanda kama mlivyozoea siku hizi, na wewe Bun-hiong zima hiyo televisheni, maana wanasiasa waliomo nimewasikiliza maisha yangu yote ya hapa na leo ni zamu yangu kusema bila kukatizwa. Daktari amewaita nje akawaambia jambo, mkarudi ndani mnacheka kicheko cha kulazimisha, kwa hiyo sina haja ya kuwauliza. Desmond, usijifanye unaaga kwa adabu, kaa hapo hapo dirishani. Wewe ni mtu wa New Zealand na si wa ukoo huu, lakini umekunywa chai nyingi katika nyumba hii kuliko ndugu zangu wote wa damu, na nataka awepo mtu wa tatu aliyesikia, kwa sababu hawa wawili wakishatoka hapa kila mmoja atakumbuka yale ya kumfaa.

Jina langu bado ninalo kichwani. Ni Wietske Hoekstra, mzaliwa wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Na jina langu la pili ninalo pia, Kuo Wei, mjane wa Kuo Tian-seng muuza miwani wa mji huu wa Tainan, kusini mwa kisiwa hiki. Kinachonichanganya ni kwamba sijui yupi kati ya wanawake hao wawili ndiye anayekufa, na kila nikidhani nimempata, yule mwingine anakohoa.

Nilikuja kufundisha wauguzi kwa muda mfupi, nikavunja miwani yangu, nikaingia dukani kwa baba yenu kuitengeneza, na mengine mnayajua. Msichojua ni jinsi nilivyofundishwa siasa za nchi hii. Ilikuwa enzi zile watu hawasemi. Nilikuwa bibi harusi mpya, tumekaa mezani, nikauliza kwa lugha yangu mbovu kwa nini mjomba wa baba yenu hakai kamwe akiupa mlango mgongo. Nyanya yenu akachukua kipande kinono cha samaki, akakiweka katika bakuli langu, akasema, "Kula, mwanangu, kitapoa." Nikauliza tena, akaweka kingine. Bakuli likajaa samaki hadi nikaelewa. Usiku ule baba yenu akaninong'oneza kwamba mjomba alichukuliwa na askari wa serikali asubuhi moja, akarudi baada ya miaka mingi, na hadi leo hajamwambia mtu alikuwa wapi. Nilikasirika sana. Nilitoka nchi ambayo mtu anamtukana waziri mkuu akiwa anasubiri basi, na nikajiona nina kitu cha kuwafundisha watu hawa.

Basi utawala ulipolegea na midomo ikafunguliwa, wa kwangu ulifunguka kuliko ya wenyewe. Desmond, unakumbuka tulivyokuwa tunakaa kwenye mgahawa wa Shangazi Siu kila Jumapili asubuhi, wewe, mimi na marehemu Baptiste Mbelgiji, na uji wa samaki mbele yetu, tukiendesha nchi isiyo yetu? Wewe ulikuwa unasifia kila kitu: matibabu bei nafuu, treni hazichelewi, unaacha pochi mezani unaenda chooni unaikuta. Baptiste alikuwa analaumu kila kitu: njia za waenda kwa miguu zimejaa pikipiki, watu wanafanya kazi mpaka wanasinzia wamesimama, na wewe mtu umekaa hapa hadi mvi bado unasifiwa kwa kujua kushika vijiti. Habari za vita na jirani yetu mkubwa wa ng'ambo ya bahari zikivuma, ndugu zetu wa Ulaya wanatupigia simu wakilia, na huku nje watu wanapanga foleni ya kununua chakula cha mchana kama kawaida. Baptiste akapiga meza siku moja, akasema, "Hawa watu wamelala! Mbona hawaogopi?"

Shangazi Siu alikuwa anafuta meza ya jirani. Hakugeuka hata. "Wewe una pasipoti ya kwenu mfukoni," akasema, "ndiyo maana unaogopa kwa sauti kubwa. Mimi nikianza kuogopa, nani atapika uji?"

Tulicheka, lakini mimi neno lile lilinikaa. Baba yenu alipofariki nikaenda kuomba uraia, na sheria ya wakati ule ilitaka nirudishe uraia wa Uholanzi kwanza. Baptiste aliniita mwendawazimu. Na wewe Bun-hiong, mwanangu wa kwanza, ulisema, "Ma, mlango pekee tuliokuwa nao unaufunga kwa mkono wako." Wewe Siok-kim, binti yangu, ukanikumbatia. Nakumbuka kumbatio lile na nakumbuka maneno yale, na hadi leo sijui ni lipi lililonipenda zaidi.

Nipe maji. Asante, Japke. Hapana, wewe si Japke, Japke ni dada yangu na yupo kwetu, wewe ni Siok-kim. Niliona mfereji umeganda hapo nyuma yako, watu wanateleza juu ya barafu. Umeshapita. Nilikuwa wapi? Uchaguzi.

Sikilizeni, maana wajukuu watasimuliwa haya kwa namna mbili na nataka wayapate kwa namna yangu. Ulikuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, jambo dogo kabisa, lakini nyumba hii ilipasuka kwa sababu yake. Bwana Liao alitaka kichochoro chetu kipanuliwe, magari ya zimamoto na ya wagonjwa yaweze kuingia. Bi Tu alitaka kibaki kama kilivyo, na kuta zake za kale na wazee wake waliozaliwa humo. Bun-hiong ukavaa fulana ya Liao, Siok-kim ukavaa kofia ya Tu, na mezani kwangu mkawa mnaombana chumvi kupitia kwangu. Na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na kura. Kwa Shangazi Siu, Desmond akasema, "Mpe Tu, vichochoro hivi vikibomolewa havirudi." Baptiste akasema, "Mpe Liao, la sivyo utaungua na hizo kuta zako za kale." Nikamwuliza Shangazi Siu mwenyewe atampa nani. Akasema, "Mimi? Wote wawili wanakula kwangu."

Watu wote waliniambia kitu kimoja: usisahau kitambulisho, usisahau muhuri wako wa jina, ambao hapa ndio sahihi ya mtu. Nikavaa gauni la kanisani. Kule kituoni nikaugonga muhuri kwenye orodha kuonyesha kwamba nimepokea karatasi ya kura, nikaingia nyuma ya pazia, nikaduwaa. Hivi mnajua inavyokuwa, mtu aliyetoa maoni maisha yake yote anapoambiwa haya, sema sasa? Akilini nilimwona Liao akibadilisha taa ya kichochoro kwenye mvua. Nilimwona Bi Tu akiosha vyombo jikoni kwangu siku ya msiba wa baba yenu. Nikamchagua Bi Tu. Nikachukua muhuri wangu mwenyewe, wenye jina langu la ukoo huu, nikaugonga kwa nguvu zote kwenye nafasi yake, nikatoka nimeinua kichwa.

Jioni tukaenda sote kusikiliza hesabu, maana hapa karatasi huinuliwa moja moja mbele ya watu. Liao, Tu, Liao, Tu, watu wanashangilia. Halafu yule kijana msimamizi akainua moja, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaanza kujizuia asicheke. "Hii imegongwa muhuri wa mtu. Imeharibika."

"Wa nani?" watu wakauliza.

Hakusema, alikuwa na adabu. Lakini karatasi ilikuwa juu, na jina langu lilikuwa limekaa hapo jekundu, zuri, limenyooka. Muhuri wa kura ulikuwa mle ndani umefungwa kwa uzi, na mimi nilidhani ni wa wale waliosahau wa kwao.

Bi Yap wa nyumba ya tatu akasema kwa sauti, "Jamani, si Mama Kuo huyo! Amesaini kura kama anapokea mzigo!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, hadi hesabu ilipofungwa na wagombea wakawa wamelingana. Hapo hakuna aliyecheka. Sheria ya hapa, kura zikilingana, mshindi hupatikana kwa bahati. Liao na Tu wakaenda mbele, kila mmoja akachomoa kijiti kwenye kopo, na kijiti cha Liao ndicho kilichoshinda.

Siok-kim, ulinifuata hadi nje, ukasema, "Ma, maisha yako yote unatufundisha sisi demokrasia. Siku moja tu tumekuomba ugonge mahali, mahali pamoja tu!" Na Bun-hiong ukanishika bega ukasema, "Mwache Ma, amepiga kura ya Kiholanzi." Ukadhani unanitetea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko la dada yako.

Kichochoro kikapanuliwa. Ukuta wa mbele wa duka ukakatwa, na pamoja nao ile kona aliyokuwa anakaa baba yenu kusaga vioo. Bi Yap, nyumba yake ikiwa imebomolewa, akahamishiwa kwa mwanawe, ghorofa ya juu sana, hana wa kupiga naye soga, na hakumaliza mwaka. Siok-kim ulilia kwenye maziko yake ukinitazama mimi. Nikakubali moyoni kwamba ulikuwa na haki.

Halafu mimi nikaanguka jikoni. Gari la wagonjwa likaja hadi mlangoni, likageuka, likaondoka na mimi nikiwa hai. Yule mhudumu akamwambia Bun-hiong kwamba zamani wangenibeba kwa machela hadi barabara kuu, na labda nisingefika. Nililala hospitali nikitazama dari, nikawaza: kama ningegonga sawasawa, kura yangu ingeniua. Na kama Bi Yap angebaki kwenye kiti chake cha mlangoni, je, asingekuwa hai? Nimepanga jambo hili kwa namna zote. Nimemwuliza mchungaji, akanisomea zaburi. Nimemwuliza Desmond, akasema eti nchi ni kitu kigumu. Nakufa silijui, na siwaambii hivi ili mnihurumie. Nawaambia kwa sababu ninyi wawili mmenuniana kwa muda mrefu kila mmoja akiwa na hakika kamili, na mimi nimebeba pande zote mbili katika mwili mmoja, na hakika sikuipata.

Sasa nyumba. Najua kwamba kwa sababu ya barabara kila mtu anaitaka. Bun-hiong, unataka iuzwe, upeleke watoto wako kwetu Friesland, kabla vita inayozungumzwa kwenye televisheni haijafika. Siok-kim, unasema atakayeondoka asirudi. Nyumba ni yenu nyote wawili, isiuzwe mpaka nyote mtake, na kutaka kwenyewe mwambiane kwa midomo yenu, si kupitia kwa mawakili. Dada usimwite kaka yako mwoga. Mimi pia niliacha nchi, na mama yangu aliniita majina. Na wewe usimwite dada yako mjinga. Ukienda, Bun-hiong, utakuwa mgeni mwenye maoni. Watakusifia jinsi unavyokula mkate. Sema polepole, ukae sana, osha vyombo kwenye misiba ya watu kabla hujawaambia namna ya kuendesha mambo yao. Au waambie, sijui. Labda nilinyamaza pale nilipopaswa kusema. Labda... hapana, nimechoka na hilo.

Majivu yangu yawekwe kando ya baba yenu kule mlimani. Mchungaji asome ya kwake, na mashangazi zenu wachome ubani, hauniudhi. Jina liandikwe... yaandikwe yote mawili. Yasipoenea, muulizeni fundi, msigombane. Vitabu mpeni Desmond. Desmond, usilie, unaziba mwanga.

Sauti inaniishia. Nisogeleeni, nipeni mikono, huu wako, na huu... huu wa nani, mbona wa baridi? Ni wewe, Bun-hiong. Mungu aliyenivusha bahari awe nanyi, wa kanisani kwangu, na yule wa hekalu la nyanya yenu kama yupo, asione vibaya. Awape watoto wenye kelele. Awape kugombana mezani na bado kupitishiana chakula. Awa...

Ngojeni. Ule muziki. Ni gari la taka linawaita watu walete taka zao, limeshaingia kichochoroni, na pale jikoni kuna mifuko miwili mizito tangu juzi. Msinitazame hivyo. Halisubiri mtu yeyote, hata anayekufa. Nendeni. Hapana, si mmoja. Wote wawili, mifuko ni miwili. Siok-kim, shika mlango, yeye abebe. Kimbieni, wanangu, kimbieni... Desmond, nieleze. Wamefika? Wanasemezana?