Mama Mfano na Neno Lililokosa Mpinzani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika ofisi yetu ya kamusi, Mama Mfano anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini mnivumilie, maana majonzi yananitangulia.

Aliingia kama karani wa kupiga taipu, akawa mhariri msaidizi, kisha mhariri mkuu wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Jina lake la utani lilitokana na ubishi wake: hakupokea maana ya neno isiyo na sentensi ya mfano. Ukimpelekea maana tupu alikurudishia papo hapo. "Hiki ni kitambaa tu, mwanangu. Kamshonee mtu, avae tuone."

Wasiotujua hawaijui desturi yetu. Kila neno hupewa mtetezi na mpinzani: mmoja anapendekeza maana, mwenzake anaichokonoa, na wasiporidhika wote wawili neno halipiti. Mpinzani wa Mama Mfano alikuwa Mzee Ngoja, mtu mwembamba wa miwani ya kamba, ambaye kila pingamizi lake lilianza na "Ngoja kwanza." Kuna siku walibishana kama kikombe kilichovunjika kishikio bado ni kikombe, sauti zikapanda mpaka fundi cherehani wa ghorofa ya chini akaja mbio kuuliza nani anapigwa. Aliwakuta wanamiminiana chai.

Neno lililowashinda ni "catholicity". Ni Kiingereza cha watu wa suti, sokoni hukutani nalo. Lina harufu ya kanisani, lakini kwa maana tuliyoitafuta husemwa juu ya mtu mwenye upana wa mawazo, anayependezwa na vitabu, watu na fikra za kila aina. Mama Mfano aliandika: uvumilivu wa mawazo ya wengine. Mzee Ngoja akakataa katakata.

"Ngoja kwanza, dada. Anayevumilia amekaza roho tu. Huyu tunayemtafuta anavuta kiti, anasikiliza, na anafurahi."

Mama Mfano alimjibu kwamba binadamu wa namna hiyo bado hajazaliwa. Neno likalala hapo kwa miaka.

Kisha Mzee Ngoja akapatwa na kiharusi, kauli ikapotea. Wakubwa walikuwa na haraka ya kuchapa kamusi, wakaagiza neno lipite kwa maana ya Mama Mfano, kwa kuwa mpinzani hayupo. Alikataa. "Mpinzani wangu anaumwa, hajashindwa," aliwaambia. Akawa kila akitoka kazini anapitia kwa mgonjwa, anaketi kando ya kitanda na kumsomea maana mpya aliyoiandika siku hiyo. Mke wa Mzee Ngoja alitusimulia kwamba mumewe alitikisa kichwa kila mara kukataa, na kwamba hiyo ndiyo saa pekee aliyoonekana kama mzima. Miezi ile Mama Mfano alitaka kitu kimoja tu, yule mtu aridhike kabla hajaondoka. Hakukipata. Tulimzika Mzee Ngoja na neno lao halijapita.

Jumatatu iliyopita, katika kikao chake cha mwisho, Mama Mfano aliifuta maana yake mwenyewe akasimama upande wa marehemu. Aliitetea hoja ile kwa nguvu ambayo hatujawahi kumwona nayo akitetea yake, na mfano akautoa: "Upana wa mawazo yake ulimfanya ampende hata aliyembishia kila siku." Kisha akatutazama mmoja mmoja, akisubiri pingamizi. Sisi sote tukaitikia kwa vichwa. Neno likapita. Ndipo alipofunika uso kwa viganja akalia, na tukaelewa kwamba tumemwangusha. Tulikubali upesi mno.

Mama Mfano, ahsante kwa maneno uliyotuachia, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kwamba kupingwa si kuchukiwa. Mumeo na wajukuu wamekusubiri vya kutosha. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana, na mtu wa kukubishia.