Nusu ya Ardhi kwa Nusu ya Barafu

Kwa jina la Mola aliyehalalisha biashara akaharamisha riba, mimi Shamsa binti Shee, mzaliwa wa kisiwa cha Fuma, mkaazi wa Kismayu, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu na ulimi wangu mwepesi, ingawa moyo unanienda mbio kama mtoto aliyetumwa karamuni. Zuleikha, niinue kidogo, mto uukaze mgongoni. Idris, kaa hapa mbele yangu, usikae kule dirishani ambako sikuoni uso. Na simu ya Fumo iwekeni hapa kifuani, sauti ifunguliwe, ndugu yenu huko Uingereza asije akasema kesho hakusikia. Daktari ameniambia nilale nisiseme. Nitalala, wanangu, tena kulala kurefu. Lakini lililonipata leo asubuhi haliwezi kungoja, na furaha nayo ni mzigo, asiyeutua humwelemea.

Leo nimeuza nusu ya kiwanja changu. Usiinamishe kichwa, Idris, nisikilize mpaka mwisho. Nimeuza nusu ya kiwanja cha ufukweni, kile cha nyuma ya soko la samaki, na bei niliyopewa si dola wala shilingi: nimepewa nusu ya kiwanda cha barafu kilichojengwa juu yake.

Mjue kwanza kiwanja kile ni nini kwangu, maana mrithi asiyejua asili ya mali huitupa kama kapi. Ni mahari yangu. Baba yenu aliponiposa, marehemu baba yangu hakutaka dhahabu. Alisema dhahabu huibwa na fedha hupukutika, mpe binti yangu ardhi, kitu kisichotiwa mfukoni. Kwa hivyo kilikuwa changu, si cha baba yenu, naye hata siku moja hakushusha samaki wake pale bila kunitaka idhini, akisema huku anacheka, "Mwenye ardhi, nina ruhusa?" nami nikimwambia, "Lipa kwanza," akanilipa kichwa cha nguru. Kisha vikaja vita vya tisini na moja, tukakimbilia Mombasa na nguo za mwilini, na ile ardhi isiyotiwa mfukoni ikatiwa.

Ilipotulia kidogo baba yenu alirudi kuidai. Aliyeikalia alikuwa mtu wa bunduki, akampiga kofi mbele ya wachukuzi wa bandarini, akamwambia Mbajuni wa visiwani hana ardhi Kismayu, ana maji tu. Idris, ulikuwa umefuatana naye. Ulilisikia kofi lile, na mpaka leo unalisikia. Sikulaumu, mwenye kovu usidhani kapoa. Baba yenu alikufa Mombasa akilitaja, na mimi niliporudi mji huu na Zuleikha nilikuwa nikipita njia ya mbali ili nisikione kile kiwanja.

Yule mtu wa bunduki naye akafa, na mwanawe, Adnan, akajenga kiwanda cha barafu juu ya mahari yangu, akiamini kwamba babake aliinunua. Mwaka jana alitaka mitambo ya jua, apunguze dizeli, akaenda kwenye benki isiyotoza riba, ambayo huinunua mashine yenyewe kisha ikakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, ukalipa kidogo kidogo. Wakamwuliza: ardhi ni ya nani? Mnaujua mji huu, wanangu. Karatasi za ardhi hununuliwa kama nyanya. Angeweza. Lakini alikwenda kwa mamake kuuliza, na mamake akalia, akamwambia, "Babako hakununua. Ilikuwa ya watu wa visiwani."

Akauliza sokoni, akaelekezwa kwa Zuleikha kwenye meza yake ya samaki, na Zuleikha akamleta hapa. Nilipojua ni mtoto wa nani sikumpa kiti. Akaketi chini. "Eddo," akaniita, kama Wasomali wamwitavyo shangazi, "nimekaa kwenye mali yako bila kujua, na sasa najua. Ukitaka nibomoe, nitabomoa. Ukitaka kodi ya miaka yote, nitakulipa mpaka nife."

"Na ukibomoa utakula nini?" nikamwuliza.

"Sijui. Ila sitaki kufufuliwa na ardhi yako shingoni."

Maana mmefundishwa nyote chuo cha Kurani kwamba achukuaye shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa ardhi saba siku ya kiyama. Sote tumeisoma hadithi hiyo, lakini mimi katika umri wangu wote sikupata kumwona mtu mwenye nguvu, tena mjini kwake, akiiogopa. Nikamwambia Zuleikha amletee chai.

Nilipowaeleza ninyi, kila mmoja alivutia kwake. Idris ulisema na abomoe, aondoe kila msumari, tukifagie kiwanja tukitazame kitupu. Fumo ukasema kiwanja tumuuzie yule tajiri anayenunua kamba mawe wa wavuvi, maana ametaja bei mara mbili ya thamani, tugawane tupumzike. Fumo mwanangu, wewe uko mbali, hujui anachonunua yule bwana. Huwapa wavuvi pesa za nyavu na mashine za boti kabla ya msimu, kwa sharti kwamba kila kamba watakayemtoa majini ni wake, kwa bei atakayosema yeye siku hiyo. Yeye huita msaada. Sheikh Mzamil wa msikiti wetu aliniambia mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ni riba iliyovaa kanzu, na samaki hauzwi akiwa majini, maana hujui ni wangapi wala kama yupo. Hata babu yenu kule Fuma, ambaye hakusoma kitabu zaidi ya juzuu amma, mtu akimshika mkono asubuhi amwambie, "Nakununua pato lako la leo," alikuwa akimjibu, "Subiri kwanza nami nilione." Sasa yule tajiri akiipata barafu pia, nani atabaki na samaki wake? Mvuvi asiye na barafu huuza kwa bei yoyote kabla jua halijapanda. Dau la mnyonge haliendi joshi, wanangu, na wa kulizuia tungekuwa sisi.

Nikaapa sitafanya lolote nisilojua hukumu yake. Nikamwita Sheikh Mzamil, akaniambia sheria yote iko upande wangu: nina haki ya kumng'olea mitambo, nina haki ya kodi. Nikamwuliza, na tukitaka kushirikiana? Akakuna ndevu. Akasema fedha na fedha huchanganywa zikawa mtaji mmoja, lakini ardhi na mashine hazichanganyiki, kila mmoja atabaki akitazama chake, na kila hasara itagombewa. Wanazuoni wetu, akasema, wametuwekea njia: kila mmoja amuuzie mwenziwe nusu ya chake kwa nusu ya cha mwenziwe. Nusu ya ardhi kwa nusu ya barafu. Hapo kila tofali ni letu sote na kila shubiri ni yetu sote, ndipo tuanze biashara, faida kwa kadiri ya mtaji na hasara kwa kadiri hiyo hiyo. Wanangu, nilicheka mpaka nikakohoa. Njia ile imekaa vitabuni karne ngapi, kumbe inanisubiri mimi!

Basi leo asubuhi Zuleikha kanitia kwenye bajaji, kanifunga kwa leso nisianguke, tukaenda. Nimepita ile njia ya karibu. Wathamini walikuwa wawili, mmoja wangu na mmoja wake. Wakaona upande wake umepungua kidogo, akajazia na nusu ya lori lake la kubebea barafu. Sheikh Mzamil akaweka mashahidi. Nikamwambia Adnan, "Nimekuuzia nusu ya ardhi yangu kwa nusu ya kiwanda chako na nusu ya lori lako." Akasema, "Nimekubali." Tukapeana idhini ya kuiendesha mali.

Hapohapo akaingia Bushra, muuza samaki, na beseni lake, hajui lolote, akataka barafu, akauliza, "Leo nimlipe nani?" Na Adnan, bila kufikiri, akamjibu, "Tulipe sisi." Sisi! Tangu siku ya vita sijasikia mtu mwenye nguvu mjini humu akitamka neno hilo nami nikawa ndani yake. Nikaomba kiti, nikaketi kama mwenyeji.

Sasa Idris, najua uliloniambia mchana, kwamba mgonjwa wa kufa hauzi. Umesikia nusu, mwanangu. Mgonjwa mwenye akili huuza kwa thamani ya haki na kuuza kwake ni sahihi; anachozuiliwa ni kutoa bure zaidi ya theluthi, asije akawanyima warithi wake. Ndiyo maana niliwaita wathamini. Sikuwapunguzieni hata kiganja cha mchanga.

Kodi ya miaka iliyopita sikumsamehe Adnan, wala yeye hakuomba; atailipa kutoka fungu lake la faida. Ni mali yangu, nami nausia hivi: theluthi ya kila nitakachoacha, kodi hiyo ikiwamo, isizidi hapo hata punje, iwe wakfu wa kuwakopesha wavuvi nyavu na mashine. Mkopo mwema, arudishe mtu alichochukua tu, na kamba wake amuuzie amtakaye. Msimamizi awe Sheikh Mzamil. Akija yule tajiri kuwatukana, mpeni chai, biashara haigombi.

Kilichobaki ni chenu kama Mola alivyokigawa, wanaume wawili mafungu mawili mawili, Zuleikha fungu lake moja. Zuleikha, wewe ndiye uliyeniogesha na kunilisha, na moyo wangu ungekupa kila kitu, lakini mrithi hausiwi, na sitaki kuwaacha ndugu zako wakikutazama kwa jicho la pembeni. Ila kazi si urithi. Wewe unajua samaki kuliko wote humu ndani; ukikubali kukisimamia kiwanda, mapatano ya ujira wako yasemwe wazi kabla hujaanza, ulipwe kama angelipwa mgeni. Kaka zako wasikwambie wewe ni dada yetu, vumilia. Undugu usiwe kisingizio cha kula jasho la mtu.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Kabla ya kugawana, nitoeni sanda kwanza, kisha madeni. Bushra ananidai bei ya mkeka, atakataa kuitaja, mlazimisheni aipokee. Msikope kwa ajili ya matanga, atakayekuja kunililia na ale kilichopo. Wala msinipeleke Fuma. Nizikeni hapahapa Kismayu. Waliosema sina ardhi huku na wanione nimelala ndani yake.

Sasa nimefika kwenye lile linaloniharakisha. Sheikh ameniambia neno, nami nikaona nisilifiche: ushirika hufa kwa kufa mmoja wa washirika. Nusu zitabaki zenu, hazipotei, lakini ile idhini niliyompa Adnan na aliyonipa yeye itazimika na pumzi yangu, na hapo ni ninyi, kwa ndimi zenu, mtakaoamua kusema upya au kugawa vipande. Siwezi kuwalazimisha. Mali ikishakuwa yenu, wosia wangu hauna mkono juu yake. Ndiyo maana nakuomba, Idris. Fumo atakufuata wewe, sivyo Fumo? Haya, anasema ndiyo. Zuleikha alikwisha kubali kabla yangu. Umebaki wewe na kofi.

Kofi lile sikulisamehe. Si langu nilisamehe. Baba yako atalidai mwenyewe siku ya madai, na atakayelipa ni yule aliyenyanyua mkono. Hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwenziwe, na haki ya mchu, ya mtu, haiozi, kama tusemavyo sisi wa visiwani. Wewe ukimvunjia Adnan mitambo, utakuwa umelipiza kwa asiyepiga, na waliowadhulumu wengine kama sisi watasema kila mahali: msirudishe mali za watu, maana ukirudisha unabomolewa. Na wako wengi, mwanangu, waliokalia mashamba na nyumba za watu, usiku hawalali, wanatazama ninyi mtafanya nini. Kwa hilo moyo wangu unaruka. Wakiona amerudisha akabaki na riziki yake, huenda na mwingine… huenda na mwingine akaenda kumwuliza mamake.

Ngoja nivute pumzi.

Yuko nje. Adnan. Ameketi barazani tangu alasiri. Alikuja kunitazama, akaona viatu vyako mlangoni, hakuthubutu kuingia. Sitaki useme naye ushirika leo. Sitaki umpende. Mwambie tu… mwambie apite.

Zuleikha, shika simu, imekuwa nzito. Mbona sioni… Idris amekwenda wapi? Amekasirika?

Nyamazeni. Nyamazeni nisikie.

"Waalaykumu salaam." Hiyo ni sauti ya Idris. Ameijibu salamu yake. Amesema, "Pita ndani, mama anakungoja." Umesikia, Fumo? Ndugu yako huyo.

Kaeni karibu. Wewe pia, Adnan, kaa. Ee Mola, hawa ni wanangu. Wape halali hata ikiwa chache, uwaepushe na haramu hata ikiwajia kwa sinia… Usimpe mmoja wao tonge lenye jasho la mtu ndani yake. Barikia mikono yao, barikia ulimi wao uwapo sokoni. Nimewaridhia. Wewe Idris, nimekuridhia… mara mbili.

Nigeuzeni kibla. Taratibu. Msilie, nimefurahi. Semeni nami… la ilaha…