Bunduki Inamfaa Nani

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, maafisa wenzangu, masajini na makoplo, ambao kama kawaida yenu mmeviacha viti vya mbele vitupu mkajibana kule nyuma karibu na masufuria, askari, madereva, wapishi na makarani, ndugu wageni wetu mliotoka mbali, na wewe Mama, mke wa Fundi, ambaye nasikia ulitaka kukaa jikoni ukaletwa meza kuu kwa amri: nawasalimu nyote kwa heshima. Mniwie radhi kwa kipaza sauti hiki. Kinapiga mluzi kila nikisema neno lenye "s", na leo ninayo mengi.

Tumekutana katika bwalo hili kumuaga Fundi wetu wa silaha, sajini aliyekaa miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la ghala akitugawia bunduki asubuhi na kuzipokea jioni, na kila jioni akitugombeza. Nani humu ndani hajawahi kurudishiwa bunduki yake dirishani na kuambiwa, "Hii umeisafisha au umeipaka vumbi jipya?" Nyoosheni mikono. Naona mkono mmoja, na huyo ni mgeni wa leo.

Mimi mnanijua kama kapteni, afisa ugavi wa kambi. Wengi wenu hamjui kwamba nilianza kazi hapa miaka kumi na saba iliyopita nikiwa karani wa kupiga chapa, na kwamba mtu wa kwanza kunifundisha tofauti ya bunduki na bunduki ni yeye. Mnaziona hizo tatu mezani. Mwandalizi wa sherehe alizipanga hapo zipendeze. Fundi tangu aingie amekwishakwenda mara mbili kuhakikisha hazina risasi, na sasa hivi naona anaziangalia tena. Fundi, hazina. Nimezikagua mwenyewe. Haya, nenda, kakague, tunakusubiri.

Umeridhika? Tuendelee.

Hii ya kwanza, yenye kitako cha mbao, ndiyo tunayoiita Babu. Ni nzito, inapiga teke begani, na ukiitikisa inalia kama kabati la vyombo, kwa sababu vyuma vyake vya ndani vimeachiwa nafasi. Watu wa ofisini huiona ya kizamani. Fundi alikuwa akisema nafasi hiyo ndiyo akili ya Babu: tope likiingia linapata pa kupita, mchanga ukiingia unapata pa kukaa, naye anaendelea na kazi yake. Ubaya wake ni kwamba kwenye mita mia tatu na kuendelea anaanza kubahatisha, na risasi zake ni nzito, askari anachoka kabla hajaonana na adui.

Ya pili, nyeusi, nyembamba, ni Bibi Harusi. Nyepesi, haina teke la kutisha, mita mia nne inalenga palepale ulipotazama, na kwa uzito uleule askari anabeba risasi nyingi zaidi. Kitako chake unakirefusha na kukifupisha upendavyo, kwa hiyo hata mtu mfupi kama mimi anaishika bila kunyoosha shingo. Lakini moshi wa baruti unarudi tumboni mwake, na usipomfuta na kumpaka mafuta atakununia katikati ya kazi. Nakumbuka Fundi akimwambia askari mmoja aliyemsahau siku mbili, "Umeoa, halafu hurudi nyumbani?"

Ya tatu, hii fupi ya ajabu, ndiyo Kinyumenyume, maana magazini yake imekaa nyuma ya kifyatulio, huku kwenye shavu. Kwa mpangilio huo mtutu unabaki mrefu na bunduki inakuwa fupi. Ndani ya gari hakuna inayoishinda. Mlangoni, kwenye korido, kwenye kibanda cha lindo, unageuka nayo bila kugonga ukuta. Ila kifyatulio chake ni kizito na kinavutika kama ulimbo, kubadilisha magazini ni kazi ya kujipapasa kwapani, na maganda ya risasi, yakiwa ya moto, yanarukia upande wa kulia, sentimita chache tu kutoka usoni. Ukilenga kwa bega la kulia hayakuhusu. Ukilenga kwa la kushoto, yanakuja kwako.

Sasa basi, ndugu zangu, ipi ni bora? Msiniambie kila mmoja yake, maana najua mnaweza kugombana hapa mpaka chakula kipoe. Swali hilo ndilo lililoletwa kambini mwaka ule nilipoajiriwa. Iliundwa kamati ya kuzilinganisha bunduki hizi, wakaja wataalamu wenye saa za kupimia na mizani, wakaomba wapewe mlenga shabaha hodari kuliko wote. Fundi akawaambia, "Huyo mwacheni. Huyo hata ukimpa mwiko atapiga katikati." Akaenda jikoni akamtoa mpishi, akaenda stoo akamtoa binti mfupi wa kuhesabu mablanketi, akaenda gereji akamtoa dereva. Akawakimbiza mpaka wakahema, akawalaza kwenye tope, ndipo akawapa bunduki. Wataalamu walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wanaandika kila alichosema.

Jioni za majaribio yale alikuwa akirudi ghalani amelowa mpaka kwenye soksi, anazifungua zote tatu juu ya meza yake ya bati, anazipanguza moja moja huku akizisemesha. Mimi nilikuwa napita kuchukua karatasi zake. Nilimuuliza kama nilivyowauliza ninyi: "Fundi, ipi bora?" Hakuinua kichwa. Akasema, "Binti, usiulize ipi bora. Uliza, inamfaa nani? Ataibeba nani, atalala nayo wapi, na ataisafisha kwa kitu gani?" Nikaitikia kwa adabu, na sikuelewa kitu.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini, na hasa wewe Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, na hasa wewe Mama.

Fomu ya kamati ilikuwa na kisanduku kimoja kwa kila bunduki, na juu yake pamechapwa maneno mawili: Inafaa, Haifai. Fundi aliyakata yote mawili kwa penseli, akaandika ya kwake. Kwa Babu aliandika: "Inamfaa wa porini asiye na nafasi ya kusafisha." Kwa Bibi Harusi: "Inamfaa mdogo wa mwili, akipewa mafuta." Kwa Kinyumenyume: "Inamfaa dereva na wa lindo la getini, alengaye kwa bega la kulia tu." Maandishi yalitoka nje ya kisanduku, yakapanda pembeni, yakageuka kona. Mwenyekiti wa kamati akaniambia, "Karani, fupisha. Kisanduku kinaingia neno moja."

Nikachukua neno la kwanza. Na hilo neno la kwanza, jamani, nikalisahihisha. Nilikuwa nimetoka shule na alama nzuri ya Kiswahili, na Fundi nilijua ameishia darasa la saba. Nikaona hiyo "m" katikati ya "inamfaa" ni kosa la mzee aliyezoea kushika spana. Nikaitoa. Nikapiga chapa mara tatu: Inafaa, Inafaa, Inafaa. Nilijisikia nimemsitiri.

Mnaona nilichokitoa? Ile "m" ndiyo askari. Ningeiacha peke yake, bila hata neno lingine, yeyote anayesoma angelazimika kuuliza, inamfaa nani? Nikamtoa mtu, nikaiacha bunduki.

Nikampelekea karatasi atie sahihi. Miwani yake siku hiyo ilikuwa imevunjika mkono mmoja, akawa anaishikilia kwa kidole. Akaniuliza, "Umeandika kama nilivyoandika?" Nikamjibu, "Ni kilekile, Fundi, weka sahihi tu, wananisubiri." Akaniamini, akaweka.

Mwaka uliofuata kombania nzima ya pili ilipewa Kinyumenyume, wa kulia na wa kushoto. Yaliyotokea uwanja wa shabaha wengine mnayakumbuka. Mashoto, mwalimu wetu wa udereva, uko wapi? Simama kidogo, ndugu yangu. Hilo kovu chini ya jicho la kushoto mnalotania kwamba alikwaruzwa na mwanamke, ni ganda la risasi. Alikuwa akilenga kwa bega la kushoto kama alivyozaliwa, na hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Lingepanda kidogo tu, leo angekuwa na jicho moja.

Liliitishwa baraza la uchunguzi. Nilikuwa mezani, naandika kumbukumbu. Wakamwonyesha Fundi karatasi yangu, wakamuuliza, "Ni wewe uliyesema bunduki hii inafaa kwa kila askari?" Aliisoma taratibu, safari hii miwani ilikuwa nzima. Kisha akanitazama. Akarudisha macho kwao akasema, "Sahihi ni yangu." Nikaliandika hivyohivyo. Kwenye jalada lake likaandikwa neno moja, uzembe, na tangu siku hiyo kila orodha ya kupandishwa vyeo ilipopita, ilimruka.

Nilimfuata ghalani siku ileile, nalia. Akanipa kitambaa, nikadhani ni cha machozi, kumbe ni cha kufutia mtutu. Akasema, "Safisha huo kwanza." Nikasafisha. Ndipo akaniambia, "Ukisema leo watakufukuza, na karatasi itabaki vilevile, maana nani atamsikiliza karani wa mwaka mmoja? Kasome. Siku ukiwa na cheo cha kusikilizwa, sema. Mimi na usajini wangu tumezoeana, hatuna haraka."

Nikasoma. Aliniandikia yeye mwenyewe barua ya kuniombea kozi ya uafisa, kwa penseli. Na cheo cha kusikilizwa, ndugu zangu, nilikipata miaka sita iliyopita. Miaka sita nimepita mbele ya dirisha lile kila asubuhi nikiwa na nyota mabegani, na kila asubuhi ameniamkia, "Habari za kazi, Kapteni," bila kunikumbusha hata kwa kikohozi. Miaka ile ya mwanzo naweza kusema niliogopa kwa ruhusa yake. Hii sita ni yangu, sina wa kumsingizia. Nilinogewa na heshima.

Fundi, kaa chini. Najua unataka kusema yaliyopita yamepita. Kaa, bado sijamaliza, na kwa cheo mimi ni mkubwa wako.

Mashoto, nakuomba radhi. Mwaka mzima ulikuwa hutaki hata kumsalimia mzee huyu, naye akawa anakuwekea pembeni bunduki inayokufaa bila kukwambia. Wa kununiwa ni mimi. Nitakuwa hapo mlangoni baada ya hotuba, uje unambie lolote.

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, jalada la Fundi linafungwa leo saa kumi na mbili jioni, bendera ikishushwa, na likishafungwa linapelekwa makao makuu na lile neno ndani yake. Nimekuja na karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ile ya penseli, ya mkono wake mwenyewe. Niliificha chini ya sanduku langu la nguo, na nimehama nayo nyumba nne. Ya pili ni barua yangu, nimeitia sahihi na tarehe, nami naisoma mbele ya wote ili asije mtu akaifupisha:

"Mimi niliyekuwa karani wa kamati ya kulinganisha bunduki nilibadilisha maoni ya fundi silaha bila ruhusa yake, nikamhakikishia kwamba sikubadilisha. Maoni yake yalikuwa sahihi kwa bunduki zote tatu. Uzembe ulioandikwa kwenye jalada lake ni wangu, naomba uhamishiwe kwenye la kwangu."

Nazileta mezani kwako sasa. Ahsante, Mkuu. Naona umetoa kalamu, nami sitasema umeandika nini, ila nashukuru.

Mama. Najua hakukwambia, kwa sababu nilimuuliza wiki iliyopita akasema, "Nimwambie ili iweje, akuchukie bure?" Kwa hiyo umeishi miaka yote hii ukisikia majirani zako, wake za watu waliopanda vyeo, wakikuuliza mumeo alifanya nini. Nimewahi kukuona dukani ukigeuza uso walipouliza. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni, nikanyamaza. Mumeo hakufanya lolote, Mama. Alikuwa makini kuliko wataalamu wote waliokuja, akaandika ukweli, akaulipia ili mtoto wa watu asifukuzwe kazi. Mtoto mwenyewe ndiye huyu, amesimama mbele yako na nyota mabegani. Usifute machozi kwa hicho kitambaa alichokupa, Mama, kina mafuta.

Nawashukuru nyote mlionitegea sikio hata pale mlipotamani kuinamisha macho. Mkuu, kwa adhabu yangu niko tayari, naomba tu ianze kesho. Leo ni siku yake.