Bi Wewe-Kwanza, Msaidizi wa Lugha

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Wewe-Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Kaka yake, aliyeishia darasa la nne na kujisomea mwenyewe, ndiye aliyemfundisha herufi kwa mkaa ukutani. Wote wawili walichapwa kwa ajili ya ukuta huo.

Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1980. Mwaka 1983 alipelekwa Uingereza kwa miezi tisa. Akirudi alisimulia: "Kituoni pa basi tulikuwa wawili tu, mimi na bibi mmoja. Nikasimama pembeni natazama mvua. Bibi akanigusa bega: 'Mwanangu, foleni iko nyuma yangu.'"

Tarehe 14 Januari 1985 aliajiriwa katika shule ya msingi kuwa msaidizi wa lugha, kufundisha watoto wadogo Kiingereza na mila za Waingereza. Cheo hicho hakikupanda hata siku moja. Chumba chake kilikuwa stoo ya madawati mabovu, mwisho wa ukumbi. Humo watoto walikunywa chai isiyokuwepo katika vikombe vitupu, wakaulizana habari za mvua, na hakuna aliyepita mlangoni kabla ya kumwambia mwenzake kwa Kiingereza, "Wewe kwanza." Siku moja mkaguzi alikwama mlangoni na mtoto wa darasa la pili, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie, mpaka kengele ikalia. Siku hizo mtoto aliona haya kumpiga mtu kikumbo.

Aliolewa na fundi saa tarehe 6 Agosti 1988. Waliishi kwa masikilizano hadi mumewe alipofariki mwaka 2009.

Mei 2016 mwalimu mkuu, ambaye marehemu ndiye aliyemshikisha penseli, alimwambia, "Madamu, tuirekodi sauti yako isije ikapotea." Marehemu akaja kwa kaka yake. "Kaka, unaonaje?" Kaka akajibu, "Kubali, dada. Hiyo ni heshima." Kwa wiki tatu alisoma masomo yake yote mbele ya mashine, hata "Tulieni, wanangu."

Jumatatu ya tarehe 9 Januari 2017 alikuta kufuli jipya kwenye mlango wa chumba chake. Dirishani aliona kisanduku cha spika juu ya kiti chake. Mwalimu mkuu hakuinuka mezani. "Madamu, mbona hujaondoka? Sauti yako ipo." Chumba kilipofunguliwa kwa kipindi, alisimama ukumbini akajisikia mwenyewe akisema "Wewe kwanza," huku watoto wakitoka kwa kusukumana. Kisanduku hakina macho ya kuona nani kaanguka.

Tangu hapo hakukanyaga tena shuleni. Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021. Hakumlaumu kaka yake kwa ushauri ule. Mara moja tu, akiwa wodini, aliuliza, "Kaka, kule bado wananiwasha kila asubuhi kama redio?" Kaka akasema, "Bado." Akageukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi.

Juzi mwalimu mkuu alileta kile kisanduku nyumbani, akiomba kiwashwe hapa kaburini, marehemu "atuage mwenyewe." Familia imekataa. Alimnyamazisha akiwa hai, leo asimsemeshe. Jana waliokuwa wanafunzi wake, watu wazima wenye mvi, walikuja kumuaga. Bila kuambiwa na mtu walijipanga kutoka getini hadi sebuleni, na mlangoni kila mmoja akampisha mwenzake.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na kaka yake mkubwa, ambaye kwa umri ndiye aliyestahili kutangulia.

Pumzika kwa amani, dada. Wewe kwanza.