Aliyeshinda Siku ya Salamu

Kwenye treni ya Ruiru, mkabala nami, kijana aitwaye Munyoki alikuwa amefunika kikombe cha ushindi kwa koti. Mama aliyeketi kando yake alikiona, akampongeza kwa sauti iliyosikika behewa zima.

"Pole pole, mathe," Munyoki akasema. "Jackton ndiye aliyeongoza mbio zetu za baiskeli wiki nzima. Siku ya mwisho kiongozi hashambuliwi, hakuna anayejaribu kumpita, ni desturi. Alisimama mtaani kwao, Tena, kumkumbatia mamake. Wenzangu wakamngoja, mimi nikachomoka."

"Mbio ni mbio! Nani alimtuma asimame?"

"Sisi. Asubuhi tulimwambia asalimie nyumbani, tutamngoja. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti zaidi."

Mama aliteremsha sauti. "Na mamake?" akauliza.

"Alinipungia mkono nikipita. Alidhani namsalimia."

Treni ikasimama Dandora. "Hata hivyo umeshinda," mama akasema, akashuka. Nje, majirani zake walikuwa wakiimba jina la Munyoki. Hakuinuka. Aliniuliza kituo kinachofuata ni kipi, ilhali yeye ni mtu wa Dandora.